Dokta Paul Janssen: maisha ya mutu wa dawa za maumivu, na funzo lake kwa siye wa mine

Karibu kila nyumba ya mfanyakazi hapa Lubumbashi, kuanzia Kenya na Katuba mpaka Ruashi, kuko sashe kidogo ya dawa juu ya kabati. Fungueni yenu muangalie. Mara mingi mutakuta dawa ya kusimamisha tumbo la kuhara, loperamidi, ile watu wanaita Imodium. Pembeni yake kuko dawa ya minyoo ya batoto, mebendazoli, ile wengi wanajua kwa jina la Vermox. Na kama mu nyumba kuko mutu aliyepasuliwa ku hospitali, pengine walimulalisha na sindano ya dawa ingine, fentanili. Zote tatu zilitoka mu maabara ya mutu mumoja, Mubelgiji wa jina Paul Janssen.

Leo tunaeleza maisha yake. Hatufanye vile juu ya kumusifu. Tuko na sababu yetu.

Tuko na mwenzetu mumoja, jina lake hatulitaje, wala mahali alikuwa anafanya kazi. Mgongo ulimuuma tangu siku jiwe lilimuangukia. Alirudia kazi mbele ya kupona, juu aliogopa nafasi yake itapewa mwingine. Alianza kumeza kidonge kimoja cha tramadoli asubuhi, kiisha viwili, na kiisha miezi fulani alikuwa anameza sita kwa siku. Siku moja alianguka pembeni ya mashine, mwili muzima ukitetemeka, povu mu kinywa. Hakufa, lakini kazi ilikwisha. Tulipoenda kumuona, bibi yake alituuliza kama dawa ile ni ya kuponya ao ni sumu. Hatukuwa na jibu. Tulirudi kwetu tukaanza kutafuta, kuuliza banganga, kusoma. Sehemu kubwa ya jibu tuliikuta mu maisha ya Paul Janssen.

Mutoto wa Turnhout

Paul Janssen alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1926 ku Turnhout, mji wa kaskazini ya Ubelgiji, karibu na mpaka wa Uholanzi. Baba yake, Constant Janssen, alikuwa munganga wa watu wa kawaida mu mji ule. Mwaka 1933 baba huyu alipata ruhusa ya kuuzisha dawa za kampuni ya Richter ya Hungaria. Ruhusa ile ilishika nchi tatu: Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo jina la inchi yetu lilikuwa mu makaratasi ya biashara ya jamaa ile wakati Paul alikuwa na miaka 6 ao 7 tu, na mji wetu bado ukiitwa Élisabethville.

Mu nyumba yao kuliingia kilio. Dada mudogo wa Paul, mutoto wa miaka 4, alikufa na kifua kikuu kilichopanda ku kichwa na kushika ngozi ya ubongo. Baba alikuwa munganga, na dawa zilijaa mu duka lake, lakini hata moja haikuweza kuokoa mutoto. Wakati ule dawa ya kifua kikuu haikuwa bado. Siye tunaoishi na vumbi la mawe na kuzika wenzetu juu ya kifua, tunaelewa kidonda cha namna hii. Paul alikibeba maisha yake yote.

Alisoma kwa mapadri Wayezuiti, kiisha akaenda Namur kusoma kemia wakati vita ya pili ya dunia ilikuwa bado inaendelea. Kutoka pale aliingia unganga ku Leuven na ku Gent, na akapata diploma ya munganga mwaka 1951. Katikati ya masomo, mwaka 1948, alienda Marekani kutembelea maabara na wataalamu. Pesa zilikuwa kidogo. Lakini Paul alijua sana mchezo wa sataranji, na wanaeleza kama alicheza kwa pesa ku New York, akawashinda watu, na vile akapata ya kula na ya kulala.

Chumba cha ghorofa ya tatu

Baba alitaka kijana aendelee na biashara. Kijana aliona kasoro. Kampuni ya baba ilikuwa inachanganya dawa ambazo watu wengine walivumbua zamani, inazifunga mu kartoni mupya na kuuzisha. Paul alifikiri kampuni isiyo na dawa yake yenyewe itakufa siku moja, ni sawa vile inchi inayochimba paka kwa mashine za kukopa.

Mwaka 1953 alikopa kwa baba yake franga 50,000 za Ubelgiji, akafungua maabara mu ghorofa ya tatu ya nyumba ya kampuni ku Turnhout. Alikuwa na miaka 26, na watu wachache tu wa kumusaidia. Juu pesa ilikosa, walichagua kemia rahisi: kuchukua molekuli ndogo, kubadilisha kipande kimoja, kupima, kuandika, kubadilisha kipande kingine, kupima tena. Kila dawa mupya ilipewa herufi R na namba. Ya tano, R5, ilikuwa tayari dawa ya maumivu ya wanamuke wakati wa mwezi. Wachimbaji wanajua kazi ya namna hii: unapiga shimo moja, unaangalia jiwe, unaandika, unasogea hatua kidogo, unapiga lingine, mpaka mushipa wa shaba unaonekana.

Mwaka 1957 utafiti ulihamia Beerse, kijiji cha karibu. Mwaka 1958 walitengeneza haloperidoli, dawa ya watu wenye ugonjwa mukali wa akili. Mbele yake, wagonjwa wengi wa vile walikuwa wanafungiwa miaka na miaka. Haloperidoli inatumiwa hata leo mu hospitali za dunia nzima. Lakini jambo lililomushika Paul Janssen zaidi lilikuwa maumivu.

Kutafuta ndugu wa morfini

Tangu zamani sana watu walijua utomvu wa mumea wa afyuni unaua maumivu. Mwanzo wa miaka ya 1800 kijana mumoja wa farmasi ku Ujerumani, Friedrich Sertürner, alitoa ndani ya utomvu ule dawa yenyewe, ndiyo morfini. Mwaka 1939 Wajerumani wengine walivumbua petidini, dawa ya kutengenezwa mu maabara, yenye umbo rahisi kuliko morfini lakini yenye kazi ya namna moja.

Janssen alijiuliza mambo mawili. La kwanza: ni kipande gani cha molekuli kinafanya kazi, na ni kipande gani ni muzigo wa bure? La pili: dawa inapita namna gani kutoka mu damu mpaka ndani ya ubongo? Ubongo uko na ukuta wake. Damu inapita pembeni, lakini si kila kitu kilicho mu damu kinaruhusiwa kuingia. Vitu vinavyopenda mafuta vinapita kwa urahisi, na morfini haipendi mafuta sana, kwa hiyo inaingia polepole. Janssen alifikiri kama atatengeneza dawa yenye kupenda mafuta, itaingia mbio, na kidogo sana itatosha.

Moja ya dawa za kwanza zilizotoka mu njia ile, katikati ya miaka ya 1950, ilikuwa R875, dekstromoramidi. Iliuzishwa kwa jina la Palfium. Ilikuwa kidonge chenye nguvu, na kilisaidia wagonjwa wa kansa. Lakini kilifika pia mu mikono ya watu ambao hawakuwa wagonjwa.

Kinga ya Roger Rivière

Hapa tusimame kidogo, juu habari hii inatugusa.

Roger Rivière alikuwa Mufaransa, bingwa wa mashindano ya kinga, ndiyo baiskeli. Aliweka rekodi ya dunia ya kukimbia saa moja. Tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka 1960, siku moja tu mbele ya Moïse Tshombe kutangaza hapa kwetu kama Katanga inajitenga, Rivière alikuwa mu Tour de France, nafasi ya pili, akimufuata Muitalia Gastone Nencini ku muteremuko wa mulima unaoitwa Perjuret. Alikuwa na miaka 24. Ku kona alitoka mu njia, akaangukia mu bonde, akavunjika mifupa ya mgongo. Hakupanda tena kinga ya mashindano maisha yake yote.

Kwanza alisema freni ziliharibika. Fundi wake alikasirika, na alikuwa na haki. Nyuma Rivière mwenyewe alikubali kama alikuwa anameza Palfium. Dawa ilizima maumivu ya miguu, lakini ilizima pia mwangaza wa kichwa na wepesi wa mikono. Watu wengi wanaamini vidole vyake vilichelewa kushika freni.

Bandugu wanaoendesha lori za tani nyingi, wanaoshika mashine ya kutoboa, wanaofunga baruti, wanaopandisha watu mu kizimba cha kushuka mu shimo, musomeni Rivière mara mbili. Kama kidole kinachelewa nukta moja, kwenye kinga unavunjika mwenyewe. Mu mine, unavunja na wengine.

Fentanili

Kati ya 1959 na 1960 kikundi cha Beerse kilitengeneza R4263, wakaiita fentanili. Mawazo ya Janssen yalionekana ya kweli. Dawa hii inapenda mafuta sana, inaingia mu ubongo kwa dakika chache, na kwa uzito iko na nguvu karibu mara 100 kuliko morfini. Haipimwe kwa miligramu kama dawa zingine. Inapimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ndiyo miligramu moja.

Kuanzia mwaka 1963 ilitumiwa ku Ulaya mu vyumba vya kupasua. Kwa banganga ilikuwa msaada mukubwa. Iliwezesha kupasua hata moyo wa watu wagonjwa sana, juu haishushe sana nguvu ya moyo, na kazi yake inaisha mbio. Mutu aliyepondwa muguu na jiwe, mama anayepasuliwa juu ya mutoto, wanasaidiwa na dawa za namna hii. Tusisahau upande huo tunapoelezea upande wa hatari.

Mwaka 1961 kampuni ya jamaa iliuzishwa kwa Wamarekani wa Johnson & Johnson. Paul Janssen alibakia mukubwa wa utafiti pale pale Beerse. Wafanyakazi walimuita Dokta Paul. Alikuwa na tabia ya kuzunguka kila siku mu maabara, kusimama mbele ya kila mutu, mukubwa ao mudogo, na kuuliza kama kuko jambo mupya. Siye wa sendika tunapenda kukumbusha wakubwa wa kazi tabia hii: mukubwa anayeshuka kuona na kuuliza anajua hatari mbele ya ajali.

Kufuli mu ubongo

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati Janssen alikuwa anatengeneza dawa hizi, hakuna mutu alikuwa ameona bado mahali zinashika mu mwili. Wataalamu walikisia tu. Waliona ukigeuza kipande kidogo cha molekuli, nguvu yote inapotea. Basi walifikiri lazima kuko kitu sawa kufuli, na dawa ni ufunguo.

Mwaka 1973 ilionekana kweli. Vikundi vitatu, cha Baltimore na cha New York ku Marekani, na cha Uppsala ku Uswidi, vilionyesha karibu wakati mumoja kama mu ubongo kuko kufuli hizo. Zinaitwa vipokezi. Ku Baltimore walikuwa Candace Pert na Solomon Snyder, ku New York Eric Simon, ku Uppsala Lars Terenius.

Sasa swali likabakia: kwa nini Mungu ao asili iweke mu kichwa cha mutu kufuli ya utomvu wa mumea? Jibu lilikuja mwaka 1975 ku Aberdeen, Scotland. John Hughes na Hans Kosterlitz walikuta kama ubongo wenyewe unatengeneza dawa yake ya maumivu, na kufuli ni zake. Dawa ya nje inakuja paka kukalia kiti cha mwenyewe. Ndiyo sababu mucheza mpira anaumia na kuendelea kukimbia, na mutu anayetoroka shimo linaloanguka anasikia kidonda kiisha kufika inje. Mwili ulijifungia maumivu kwa dakika chache, apate kujiokoa.

Tueleze kazi yake kwa mufano wa kwetu. Jiwe linapoponda kidole, habari inapita mu mishipa ya fahamu mpaka mu uti wa mgongo, kutoka pale inapanda ku ubongo. Ni sawa madini juu ya mukanda wa kusafirisha: yanatoka ku mukanda mumoja, yanaanguka ku mwingine. Vipokezi viko pale pa kuangukia. Ufunguo ukiingia, mulango unafungwa, habari haipite ku mukanda wa pili. Kidole kiko vile vile, kimepondwa. Ni habari tu haikufika. Dawa ya namna hii haiponye kidonda, haiunge mufupa, haitengeneze mgongo.

Kama vipokezi vingekuwa mahali pa maumivu peke yake, tungeimba. Lakini viko mahali pengine pia.

Viko chini ya ubongo, karibu na shingo, pale panapoamuru kupumua. Wachimbaji wanajua ile mashine ndogo ya kupima hewa mu shimo: hewa ikiharibika, inalia, watu wanatoka. Mwili nao uko na mashine yake. Inapima gesi chafu ya kaboni mu damu, na gesi ikipanda, inaamuru kifua kivute pumzi. Dawa ikizidi, inanyamazisha mashine ile. Gesi inapanda, kengele hailie, mutu anapumua polepole, kiisha anaacha. Hasikie shida yoyote. Anakufa sawa anayelala. Pombe nayo inasukuma upande ule ule. Ndiyo sababu tramadoli na lutuku ndani ya tumbo moja ni hatari sana.

Viko pia mahali pa furaha, pale ubongo unaandika kama jambo fulani ni zuri, lirudiwe. Dawa inaandika pale kwa nguvu kuliko bukari ya kushiba ao mushahara wa mwisho wa mwezi. Na mwili unazoea. Kufuli zilizofunguliwa kila siku zinachoka, zingine zinaondolewa. Kidonge kimoja hakitoshe tena, mutu anaongeza. Akiacha gafula, kila kitu kilichonyamazishwa kinaamka kwa pamoja: maumivu, jasho, mafua, kutetemeka, kukosa usingizi, tumbo kuhara. Wengine wanaona vile na kusema mutu hana roho ya nguvu. Hapana. Ni ugonjwa wa kufuli zilizochoka, na unatunzwa na munganga kwa kupunguza dawa polepole.

Pompe ya Imodium

Tumbo pia liko na vipokezi vile vile. Ndiyo sababu mutu wa morfini anakosa kwenda choo. Janssen aliona shida ile na kuigeuza kuwa faida. Akajiuliza: je, tukipata ufunguo unaofungua kufuli za tumbo bila kugusa zile za ubongo?

Mwaka 1969 Beerse ilitengeneza loperamidi, ile Imodium iliyo mu sashe yenu. Ni ya jamaa moja na morfini na fentanili, lakini mutu akimeza kipimo chake, halale na halewe. Ku ukuta wa ubongo kuko pompe. Loperamidi ikijaribu kuingia, pompe inaishika na kuirudisha mu damu, sawa vile pompe za shimo zinatoa maji usiku na muchana watu wasizame. Jamaa moja, ufunguo mumoja, lakini mwingine unafika ku ubongo na mwingine unabakia mu tumbo. Tofauti kati ya msaada na hatari ni mahali dawa inafika, ni kipimo gani, na ni nani anaitoa.

Bamama watusikie hapa: Imodium si ya batoto badogo. Mutoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya kipimo, na kupelekwa kwa munganga. Na mutu anayemeza Imodium kwa wingi kutafuta ulevi anaweza kusimamisha moyo wake.

Miaka ya mwisho

Mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuja mebendazoli ya minyoo. Mwaka 1974 ilikuja karfentanili, yenye nguvu sana mpaka inatumiwa kulalisha tembo. Mwaka 1985 Janssen alifungua kiwanda cha dawa ku Xi'an, Uchina, wakati kampuni chache za magaribi zilithubutu kwenda kule. Mwaka 1991 mufalme wa Ubelgiji alimupa cheo cha baroni. Kwa jumla, yeye na wenzake walitoa dawa zaidi ya 80. Zawadi ya Nobel hakuipata. Mu uzee wake aliacha ukubwa lakini hakuacha kazi. Alishika utafiti wa dawa ya sida, na moja ya dawa zile, rilpivirini, ilianza kutolewa kwa wagonjwa mwaka 2011, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alikufa Roma, tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2003, ku mukutano wa wataalamu wa Papa, na miaka 77. Mwaka 2005 Wabelgiji wa upande wa Flandre walipiga kura ya kuchagua Mubelgiji mukubwa wa nyakati zote. Padri Damien wa wenye ukoma alikuwa wa kwanza, Paul Janssen wa pili, mbele ya bingwa wa kinga Eddy Merckx.

Kifo kilimuokoa asione jambo moja. Fentanili yake, iliyotengenezwa kwa chumba cha kupasua, ilichukuliwa na wafanya biashara wa siri. Wanaitengeneza mu maabara ya kujificha, wanaichanganya mu vidonge vya bandia. Ku Marekani, mwaka 2022 peke yake, dawa za namna hii, hasa fentanili ya siri, ziliua watu zaidi ya 70,000. Zaidi kidogo tu inatosha.

Na siye hapa?

Kwetu, dawa inayotembea ni tramadoli. Haikutoka kwa Janssen. Ilivumbuliwa ku Ujerumani mwaka 1962 na kampuni ya Grünenthal. Inashika kufuli zile zile, kwa nguvu kidogo kuliko morfini, lakini iko na kazi ingine mu ubongo inayoweza kuleta kifafa mutu akizidisha. Ndiyo iliyomuangusha mwenzetu. Kidonge cha kawaida cha farmasi ni miligramu 50. Mu vya soko la njia, mu inchi mingi za Afrika, wamekuta vya 200 na zaidi. Mutu anafikiri amemeza kimoja, kumbe amemeza vinne.

Upande mwingine, mugonjwa wa kansa analia usiku muzima mu nyumba, na morfini ya kumutuliza haipatikane. Sehemu kubwa ya morfini ya dunia inaishia mu inchi za utajiri. Lakini jirani yetu Uganda ilionyesha kama inawezekana. Kuanzia 1993, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na dokta Anne Merriman, inatoa morfini ya maji ya kunywa, ya bei ndogo, na tangu 2004 hata bauguzi waliofundishwa wana ruhusa ya kuiandika. Kwa hiyo dawa kuwa na nguvu si sababu ya kuinyima mugonjwa. Ni sababu ya kuilinda vizuri.

Basi kwa bibi wa mwenzetu, hili ndilo jibu. Dawa ile si ya kuponya. Ni ya kufunga mulango wa maumivu kwa wakati mudogo, huku mwili ao munganga akifanya kazi yake. Bwana yako hakuwa muzembe. Alipewa mulango wa kufunga, bila kupewa siku za kupona. Alimeza dawa juu ya kazi, si juu ya ugonjwa.

Kwa wafanyakazi wote tunasema hivi. Ukiumia ku kazi, omba ajali iandikwe siku ile ile, na uite delege wa sendika. Usikubali kurudia mashine mbele munganga akuruhusu. Kama munganga amekupa dawa ya namna hii, muulize ni kwa siku ngapi, na umwambie kazi unafanya. Usinunue ya njia, usichanganye na pombe, usimupe mwenzako vidonge vyako. Kama umekwisha kuzoea, usiache gafula na usione haya. Nenda kwa munganga, na siye tutakusindikiza. Kama unakuta mwenzako amelala haamuke, anakoroma vibaya ao anapumua polepole sana, midomo imebadilika, mboni za macho zimekuwa ndogo sawa kichwa cha sindano, mulalishe ubavu na mumukimbize hospitali. Waambieni banganga ni kidonge gani, hata kama ni cha siri. Kuko dawa, naloksoni, inayoingia mu kufuli ile ile na kufukuza ingine, na pumzi inaweza kurudi.

Na kwa wenye mine tunasema: mugongo unaouma ni habari. Unaeleza kama muzigo ni muzito, kama masaa ni mingi, kama jiwe la juu halikufungwa vizuri. Kidonge kinaweza kufunga mulango habari isipite, lakini jiwe la juu linabakia pale pale, na timu ya usiku itapita chini yake.